Matairi manane kwa gari la magurudumu manne

Kati ya Julai 2021 na Juni 2022 nilinunua matairi manane, na gari ni moja. Sina daladala wala duka la spea. Ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi hapa Tanga, mwenye RAV4 ya 2002, ile ambayo mitaani wanaiita Kilitime, niliyouziwa na mdogo wangu wa kiume kwa mkopo wa kifamilia, yaani nalipa nikipata. Nimepiga hesabu yote, pamoja na kifaa kilichokufa kwa sababu ya matairi hayo, ufundi na kusafirisha mzigo kwa basi: shilingi 3,220,000. Kama ningejua tangu mwanzo ninayoyajua leo, ningetumia nusu.

Nilitaka gari dogo la kupandia mlima. Mama yangu anaishi juu huko Lushoto, kwenye kijiji kilicho nje ya barabara ya Mlalo, na kila mwisho wa mwezi nampelekea unga, sukari na dawa zake za presha. Kutoka Tanga unapita Muheza, Segera, Korogwe, mpaka Mombo ni lami tambarare. Mombo ndipo unaanza kupanda kona kwa kona hadi Soni na Lushoto. Lami ikiisha kuna udongo mwekundu, ambao kiangazi ni vumbi tu lakini masika ni sabuni.

Gari lilikuja na matairi ya zamani, na ya mbele yalikuwa yamebaki vipara upande wa ndani. Nikaenda dukani, muuzaji akasoma namba kwenye tairi la zamani, akanipa mawili mapya ya saizi hiyohiyo, 215/70R16, kwa 265,000 kila moja. Nikamwambia mawili ya nyuma nitayafuata mshahara ukitoka. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba kwa gari hili "mawili sasa, mawili baadaye" ni kosa. Nilidhani matairi hununuliwa kama vitenge, unachukua kulingana na ulichonacho mkononi.

Mshahara ulitoka mara tatu bila matairi. Ada, bati la jikoni kwa mama, mengine mnayajua. Ilipofika Novemba, kashata za nyuma, yaani meno ya mpira yanayokanyaga barabara, zilikuwa zimelingana na vile vituta vidogo vilivyo ndani ya mifereji ya tairi. Vituta hivyo vimewekwa kwenye kimo cha milimita 1.6, na kashata ikifika hapo tairi limekwisha, hata kama fundi pancha atakwambia bado linakwenda Dar na kurudi. Nikaenda kwa muuza mitumba.

Nataka niseme wazi kwamba yule kijana hakuniibia. Aliniuzia nilichokuwa nakitafuta, yaani kitu cheusi, cha mviringo, cha bei nafuu. Matairi yalikuwa yamepakwa dawa yaking'aa kama viatu vya siku ya paredi. Akagonga moja kwa ngumi.

"Haya ya Japani, mama. Kashata yote hii."

Nikamuuliza kama yatalingana na ya mbele. Akaonyesha kidole kwenye ile 16. "Rimu yako kumi na sita, haya kumi na sita. Tena haya ni mapana, yanakaa barabarani vizuri."

Yalikuwa 235/60R16. Nikaona 235 ni kubwa kuliko 215, nikafurahi kuongezewa upana kwa bei ya mtumba. 85,000 kwa 85,000, nikamwomba apunguze, akapunguza gharama ya kufunga. Nikaondoka nikiwa nimejipongeza.

Siku ya tatu nikaanza kusikia mvumo, mwembamba, kama wa mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, ukianza nikifika kilomita 60 kwa saa. Nikaongeza sauti ya redio. Nilifanya hivyo miezi mitano. Nikikata kona kali kwenye uwanja wa shule gari lilikuwa zito, kama mtu aliyesahau kushusha breki ya mkono. Mara mbili nilisimama nikaangalia breki ya mkono. Ilikuwa chini. Nikasema gari limezeeka.

Aprili 2022 masika yalikuwa yamekolea. Nilitoka Tanga alfajiri ya Jumamosi, nikanunua machungwa Muheza, nikafika Mombo kama saa tatu. Niliposhuka kunywa chai nikasikia harufu ya mafuta yaliyoungua chini ya gari. Nikainama, sikuona kitu kinachovuja, nikapanda mlima.

Kabla ya kufika Soni kuna kona ya kushoto ambayo upande mmoja ni ukuta wa mwamba na mwingine ni bonde. Mvua ilikuwa ya rasharasha tu. Mwendo wangu ulikuwa arobaini, labda chini ya hapo. Mbele ya gari ilikata kona kama kawaida, lakini nyuma haikufuata, ilikwenda zake. Kwa sekunde mbili hivi niliona mwamba kupitia kioo cha mbele, halafu nikaona njia niliyotoka. Gari lilisimama likiwa limegeuka, gurudumu moja la nyuma likiwa kwenye mdomo wa mfereji, upande wa mwamba. Ningeteleza upande wa pili, nisingekuwa naandika haya. Lori la kabichi lililokuwa likishuka lilisimama, tingo wake akaja akanikuta nimeshikilia usukani kwa mikono miwili na injini imezimika.

"Umeumia, mama?"

Nikamwambia machungwa yamemwagika. Hilo ndilo jibu lililonitoka.

Walinisukuma, nikafika Lushoto kwa mwendo wa miguu. Pale kuna fundi mzee ambaye wanakijiji wetu wote wanampelekea magari. Hakufungua boneti. Alizunguka gari mara moja, akachuchumaa mbele, akachuchumaa nyuma, akaniita.

"Mwalimu, njoo usome hapa. Halafu njoo usome na hapa."

Nikasoma 215/70R16. Nikasoma 235/60R16.

"Mguu mmoja umevaa namba saba, mwingine namba sita," akasema. "Halafu unapanda mlima."

Akanionyesha jambo la pili. Chini karibu na rimu kuna maandishi yanayoanza na DOT, na mwishoni kuna tarakimu nne. Kwenye matairi yangu ya nyuma zilikuwa 3413. Wiki ya 34 ya mwaka 2013. Matairi niliyoyaita mazuri kwa sababu ya kashata yalikuwa yanaelekea mwaka wa tisa. Alichukua ukucha wa kidole gumba akabonyeza mpira wa tairi la mbele, ukucha ukazama kidogo. Akabonyeza wa nyuma, ukawa kama anabonyeza kigae. Akapangusa ile dawa nyeusi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na chini yake ukutani mwa tairi kulikuwa na mipasuko myembamba kama ya kisigino cha mtu anayetembea pekupeku kiangazi. Mpira mgumu haushiki lami iliyolowa hata kashata ikiwa nene kiasi gani. Wapo pia wanaochonga kashata upya kwa kisu cha moto. Ukiona mifereji imechimbwa ikapita chini ya vile vituta vya 1.6, au vituta vyenyewe vimekatwa, hilo limechongwa, liache hapo hapo.

Usiku ule kwa mama sikulala. Nikachukua daftari. Hii ndiyo sehemu inayoniuma zaidi kuliko pesa, kwa sababu mzingo wa duara ninaufundisha kila mwaka.

Namba ya kwanza, 215, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 70, ni asilimia: kimo cha ukuta wa tairi ni asilimia 70 ya huo upana. R wengi tunadhani ni rimu, kumbe ni radial, aina ya tairi ambalo nyuzi zake zinapita moja kwa moja kutoka ukingo huu hadi ukingo ule. 16 ndiyo kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 406.4. Kwa hiyo tairi la mbele: asilimia 70 ya 215 ni 150.5, mara mbili kwa sababu kuna ukuta juu na chini, 301, ongeza 406.4, unapata kipenyo cha milimita 707.4. Tairi la nyuma: asilimia 60 ya 235 ni 141, mara mbili 282, ongeza 406.4, unapata 688.4. Milimita 19. Karibu sentimita mbili. Tairi pana zaidi ndilo fupi zaidi, na mimi nilikuwa nimeangalia upana.

Zidisha kwa 22/7. Mbele, mzunguko mmoja unakwenda karibu sentimita 222. Nyuma, 216. Katika kilomita moja magurudumu ya nyuma yanazunguka mara 12 zaidi ya ya mbele. Kutoka Tanga hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 150, kwa hiyo zaidi ya mizunguko 1,800 ya ziada kwa safari moja. Na hapo nimehesabu kana kwamba mitumba ile ilikuwa mipya. Kashata iliyolika inapunguza kipenyo zaidi.

Kwa gari la kawaida la kusukumwa na magurudumu mawili hili lisingekuwa janga. Hata kwa gari kama Jimny, ambalo unaendesha kwa magurudumu ya nyuma mpaka uingize fowili mwenyewe, yaani magurudumu yote manne yasukume, kwenye lami lisingejionyesha upesi. RAV4 yangu ni fowili muda wote, hakuna kigingi cha kuvuta. Katikati kuna difu inayoruhusu mbele na nyuma vipishane kidogo kwenye kona, na imefungwa pamoja na kikombe chenye sahani nyembamba nyingi zilizozama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Mbele na nyuma vikipishana mwendo, sahani zinakoroga yale mafuta, yanapata joto, yanatanuka ndani ya kikombe, sahani zinashikamana. Imeundwa hivyo makusudi, ili gurudumu la upande mmoja likiteleza kwenye tope upande wa pili upate nguvu. Lakini imeundwa kwa kupishana kwa dakika chache. Mimi nilikikoroga miezi mitano. Ule mvumo, uzito wa kwenye kona na harufu ya Mombo vyote vilitoka humo.

Nilirudi Tanga polepole, jua likiwaka. Fundi wa giaboksi alipofungua alikuta kikombe kimegandamana kabisa, hakizunguki hata kwa spana. Transfa ya mtumba, yaani kasha zima lenye difu hiyo na kikombe chake, tuliipata kwa 700,000, ufundi 180,000. Matairi ya 85,000 hayo.

Kama una gari dogo la fowili na hujui lako ni la aina gani, usiulize wauza matairi, uliza fundi wa giaboksi, au angalia kama kuna kigingi au kitufe cha kuingiza fowili. Na kama halina, jua kwamba matairi yako ni kitu kimoja chenye vipande vinne. Saizi moja, kashata za muundo mmoja, na kulika kunakokaribiana. Sasa nayazungusha kila kilomita 8,000 hivi, ya nyuma yanakuja mbele, ili yazeeke pamoja. Hata spea ihesabu: ile iliyoning'inia mlango wa nyuma ikiwa ya saizi tofauti, itumie kufika kwa fundi pancha wa karibu, si kumaliza wiki.

Sasa ilibidi ninunue. Ya mbele yalikuwa na mwaka tu, lakini moja lilikuwa limekatwa ukutani na jiwe njiani kwa mama, na ukuta wa tairi ukikatwa hauzibwi. Dukani hawakuwa tena na muundo ule. Nikaamua yote manne. Na mara hii niliuliza watu wengi, jambo ambalo nalo lina shida zake, kwa sababu kila mwenye gari Tanga ana dini yake ya matairi.

Shemeji yangu alitaka niweke M/T, yale yenye kashata kama vipande vya matofali, ya tope hasa. Nilipanda gari la jirani mwenye nayo. Kuanzia Muheza hadi Segera tulikuwa tunazungumza kwa kupaza sauti, na kwenye lami iliyolowa breki zake hazikunipendeza. Safari yangu karibu yote ni lami, tope ni kilomita chache za mwisho. H/T, yale ya barabara kuu niliyokuwa nayo mbele, ni matulivu na hayali mafuta, ila kwenye udongo mwekundu kashata zake nyembamba zinajaa dakika ya kwanza, na baada ya hapo unaendesha maandazi. Nikachagua A/T, ya katikati, tena yale mepesi yasiyo na kashata kubwa sana. Nimeyatumia sasa misimu kadhaa. Yana sauti kidogo, mafuta yameongezeka kidogo, lita moja ilikuwa inanipeleka kilomita kumi na nusu, sasa ni kumi. Nimekubali.

Utasikia pia "hili lina M+S, la matope." Herufi hizo maana yake ni matope na theluji, lakini ni mwenye kiwanda anayejiandikia kutokana na muundo wa kashata. Hakuna mtihani ambao tairi limefanyiwa. Hata mitumba yangu ya 2013 ilikuwa na M+S.

Duka moja lilinishauri nipande hadi 225/70R16 ili gari "lisimame". Nikatoa daftari pale pale kaunta: 157.5 mara mbili, jumlisha 406.4, ni 721.4. Milimita 14 zaidi, asilimia 2. Yule bwana akanitazama kama mwanafunzi anayetazama mtihani. Kuna wanaoweka na hawajuti, lakini gari la rafiki yangu lililowekwa hivyo linakwaruza plastiki ya ndani ya bampa akikata usukani mpaka mwisho, na spidomita inasoma pungufu kuliko inavyosoma kwa saizi ya kiwandani. Ikizoea kusema 50 unapokwenda 50, sasa utakuwa unakwenda 51. Kwa jinsi trafiki wanavyosimama na tochi kwenye vijiji vya njia ya Korogwe, sina haja ya kuongeza hata hiyo moja.

Mwingine alinisifia matairi ya plai kumi, yenye LT mwanzoni mwa namba. Hayo ni ya pikapu inayobeba saruji. Ni mazito, magumu, yanataka upepo mwingi, na mgongo wako ndio utakaolipa. Angalia badala yake namba ya mzigo baada ya saizi. Yangu ni 100H: 100 ni kilo 800 kwa kila tairi, H ni mwendo hadi kilomita 210 kwa saa, ambao RAV4 yangu itaufikia ikianguka bondeni. Usishuke chini ya namba ya mzigo iliyoandikwa na waliotengeneza gari, basi.

Na yote hayo yalikuwa yameandikwa. Ukifungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko. Changu ni cha Kijapani, na kwa miaka miwili nilikiona kama pambo kwa sababu sisomi Kijapani. Lakini namba ni namba: 215/70R16 ipo pale, na 210 kPa ipo pale, ambayo ni kama 30 kwa geji ya sheli. Mafundi pancha wetu wanajaza 40 kwa kila gari linalosimama mbele yao. Upepo ukizidi, tairi linakanyaga kwa katikati tu, linalika katikati na linadunda kwenye kokoto. Nimenunua geji yangu, na napima asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi likipata moto geji inapanda.

Tanga sikupata nilichotaka kwa bei niliyotaka. Mdogo wangu yuko Dar, nikamtuma Kariakoo, upande wa Gerezani, na masharti: asilipe mpaka anitumie picha ya ukuta wa kila tairi, saizi na tarakimu nne za DOT. Alilalamika.

"Dada, yote ni ya karatasi bado, mapya kabisa."

"Piga picha hivyo hivyo."

Picha tatu zilikuja na 4121. Ya nne ilikuwa 3818. Yote yalikuwa na stika zilezile, kashata zilezile, bei ileile 385,000, ila moja lilikuwa limekaa stoo zaidi ya miaka mitatu kuliko wenzake. Akarudi kwa muuzaji, muuzaji akaingia ndani bila ubishi, akatoka na la 4121. Hakubisha kwa sababu anajua. Ni sisi ndio hatuulizi. Mzigo ulikuja kwa basi, 40,000 kwa yote manne.

Wakati wa kufunga nilisimama pale pale, sikwenda kunywa soda. Niliomba yafanyiwe balansi yote manne, na fundi alipotaka kuacha risasi za zamani, vile vipande vya uzito vya balansi, kwenye rimu nikamwomba azing'oe aanze upya. Kisha alaimenti, maana matairi ya mbele yaliyokuja na gari yalikufa vipara upande wa ndani kwa sababu magurudumu yalikuwa yanakanyaga kwa kisigino cha ndani, na ningefunga mapya bila kurekebisha yangekufa vilevile. Vyote 60,000. Nati zilikazwa kwa mashine ya upepo, nikaenda zangu, na baada ya kilomita mia nikazikaza tena kwa mkono. Mbili zilikubali robo mzunguko.

Safari ya kwanza kwa mama ilikuwa Juni, kiangazi, kwa hiyo hainifundishi kitu zaidi ya ukimya. Nilifika Korogwe ndipo nikagundua redio imezimwa tangu Tanga. Mtihani ulikuja mvua za vuli. Kilomita za mwisho nilishusha upepo hadi 20, tairi likatandika tumbo lake vizuri kwenye tope, nikapanda polepole bila kukanyaga breki. Nikifika kwenye lami wakati wa kurudi nachomeka pampu ndogo ya kwenye kiberiti cha gari na kurudisha upepo wote, kwa sababu kukimbia na tairi laini kwenye lami kunalichemsha mpaka lipasuke. Na zipo siku mvua imenyesha usiku kucha ambapo hata A/T hayasaidii. Siku hizo gari linalala kwa jirani aliye kando ya barabara kubwa, nasubiri mpaka saa nne jua likaushe, au napanda kwa miguu na mfuko wa dawa kichwani. Mama hucheka, anasema nilinunua gari ili nilipumzishe.

Tairi moja zuri kati ya yale mawili ya kwanza ndilo spea yangu sasa. Lililokatwa na jiwe limepandwa mchicha. Yale mawili ya 2013 niliyachana ukutani kwa kisu kabla ya kuyatupa, mtu asije akayaokota akayapaka dawa.

Mwaka uliofuata, tulipofika mada ya mzingo wa duara, niliwatoa darasa la saba nje mpaka kwenye gari. Kundi la kwanza likazungusha kamba juu ya kashata za tairi la mbele, likapata sentimita 221. Kundi la pili likaweka alama ya chaki kwenye tairi na chini, tukasukuma gari taratibu mpaka alama ikarudi chini, likapima kwa futi: 215. Wakaanza kubishana nani kakosea. Nikawaacha wabishane. Kijana mmoja aliyekuwa hajashika kamba wala chaki alipiga magoti, akatazama pale tairi linapogusana na ardhi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapa chini si duara. Limebonyea."

"Kwa nini?"

"Si limebeba gari."